Hukuwasha Moto Ule, Deo

Deo, mdogo wangu,

Leo nimetoka kanisani kabla ya misa kwisha. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Bugarama alinishika mkono akaninong'oneza, "Speciosa, mshukuru Mungu kwa yote. Yeye alimpenda zaidi." Nikauchomoa mkono wangu. Si Mungu aliyezima kengele, Deo. Si Mungu aliyesema kazi imechelewa. Na kama huko ni kupenda, basi sijui chuki inafananaje. Nikatembea hadi nyumbani bila kumsalimu mtu, na sasa nimekaa kukuandikia, kwa sababu nimechoka kuwaambia walio hai maneno wasiyotaka kuyasikia.

Tangu uondoke hakuna anayeniamkia "shikamoo dada" kwa sauti ile yako ya kukejeli, kana kwamba mimi ni bibi kizee wakati tumeachana kidogo tu. Nilizoea kukuitikia "marahaba, mzee mzima." Sasa marahaba yangu imekaa tu mdomoni.

Nakumbuka ulivyokataa jembe. Baba alikuwa bado hai, akakuonyesha kahawa yote ile pale nyumbani kwetu Kibimba, akakuambia itakuwa yako. Ukamjibu kwa heshima kwamba wewe unataka chuma. Ukaenda Ngara mjini, ukajifunza kuchomelea kwa fundi mmoja kando ya barabara, na geti lako la kwanza ukamletea mama. Lilikuwa limepinda upande mmoja, na maua yake ya chuma yanafanana na viazi. Ukataka kulirudisha ulinyooshe. Mama akakataa. "Liache hivyo hivyo," alisema. "Nikiliona nijue ni la mwanangu, si la dukani."

Baadaye ukaenda chuo, ukafanya kazi kusini kwenye gesi, na wakala mmoja akakupeleka mbali zaidi, upande wa pili wa Afrika, kwenye mtambo unaoelea baharini. Wiki kadhaa juu ya maji, wiki kadhaa nyumbani. Sisi watu wa milimani, ambao maji yetu ni ya mto Ruvubu na ya mvua, tukabaki tunashangaa.

"Mwanangu," mama alikuuliza, "mnachimbaje kisima ndani ya maji?"

Tukacheka wote. Lakini hukumdharau. Ulichukua chupa ya soda pale mezani ukamweleza taratibu, nusu kwa Kihangaza nusu kwa Kiswahili. Chini ya bahari, chini kabisa ya mwamba, mafuta na gesi vimebanwa kama soda hii. Sisi tunatoboa hadi vilipo. Tukiwa tunatoboa, tunajaza tope zito ndani ya bomba, na uzito wa lile tope ndio unaoikalia gesi isipande. Tukimaliza, tunaziba kwa saruji. Na pale kwenye sakafu ya bahari kuna koki, mama, kubwa kuliko nyumba hii, ya kufunga kila kitu endapo tope na saruji vitashindwa.

"Na hiyo koki ikishindwa?"

"Haishindwi. Inakaguliwa."

Kisha ukaitikisa ile soda na kuifungua, ikamrukia mama kitenge kizima. Alikufukuza na mwiko hadi uani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi mimi soda siiwezi, Deo. Nikisikia mtu anafungua, moyo unaruka.

Mara ya mwisho ulipokuja ulikuwa mtu mwingine. Tulikuwa tunachuma kahawa. Ulikaa nami jikoni ukamenya ndizi, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo, na ulimenya nyingi kuliko tulizohitaji. Nikajua una jambo.

"Dada, ile koki inavuja," ukasema. "Kila mtu kule anajua. Kuipandisha juu itengenezwe ni kusimamisha kazi, na kazi imeshachelewa. Wakubwa wanasema itatengenezwa kisima kikiisha."

"Basi usirudi."

"Nisiporudi, ataenda mwingine asiyejua kitu. Mimi angalau nitasema."

"Utasema wewe kama nani? Wewe ni fundi wa kuchomelea, si mbunge!"

Ukacheka, ukanirushia ganda la ndizi. Na ukarudi. Nina hasira na wewe kwa hilo, na sitaificha kwa sababu umekufa. Kwa nini ni wewe uliyetakiwa kuwa na akili pale, wakati kulikuwa na watu wenye vyeo walioajiriwa kuwa na akili?

Habari ilikuja kwa simu, mtu anayezungumza Kiingereza cha haraka, nami nikiwa shambani na ndoo ya kahawa. Sikuelewa kitu zaidi ya jina lako na neno moto. Baadaye wakaja wenyewe, kwa gari jeupe ambalo lilishindwa kupanda kilima cha kwetu, wakamalizia kwa miguu: bwana mmoja mpole mwenye koti, na binti aliyebeba shada la maua ya plastiki. Wakaketi kwenye viti alivyotuazima jirani. Yule bwana alisema maneno mengi mazuri. Alisema kampuni ni familia. Alisema mwili wako haujapatikana na pengine hautapatikana. Halafu akasafisha koo.

"Uchunguzi wa awali unaonyesha kosa la kibinadamu. Cheche za kuchomelea ndizo zilizowasha gesi."

Mama akanigeukia. Kiswahili cha namna ile, cha ofisini, kinampita. Alitaka nimfasirie. Na mimi, Deo, kwa kinywa changu hiki, ikabidi nimwambie mama yetu kwa lugha yake mwenyewe: wanasema Deo ndiye aliyewasha.

Sijawahi kumwona mama akizeeka mbele ya macho yangu hivyo.

Nikamuuliza yule bwana, "Cheche sawa. Gesi yenyewe ilifuata nini pale juu? Si mlikuwa na tope? Si mlikuwa na saruji na koki?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, dada. Uchunguzi bado unaendelea."

"Unaendelea, lakini mwenye kosa ameshapatikana?"

Akatazama saa yake. Yule binti akaliweka shada kwenye mapaja ya mama, akampiga picha. Alimpiga picha, Deo! Nililitupa lile shada kabla gari lao halijawaka.

Habari zikasambaa. Redioni walisema "fundi kutoka Tanzania," na hapa kwetu nani mwingine alikuwa huko? Sokoni nilikuwa nikipanga ndizi zangu nikasikia nyuma yangu, "Huyo ndiye dada yake yule aliyelipua mtambo." Watu walinunua kwa wengine. Mama akaacha kwenda kwenye jumuiya. Alikaa ndani akiuliza swali lile lile: mtoto niliyemfundisha kuzima hata kibatari kabla ya kulala, alisahau vipi?

Ndipo Salum akaja.

Ulikuwa umenitajia jina lake, dereva wa kreni, mtu wa Tanga, mliyekuwa mkila pamoja. Alishuka kwenye bodaboda mchana wa jua kali akiwa amevaa mikono mirefu. Alipomwamkia mama, "Shikamoo mama," akampa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ngozi yake imeungua na vidole havinyooki. Mama akaitikia marahaba, akaukamata huo wa kulia, akakaa nao mkononi muda wote aliokuwa akizungumza.

"Mimi ni Salum," alisema. "Kule wamenikataza kusema. Nikaona nije niseme huku, kwa wenyewe."

Alituambia kwamba walikuwa wamemaliza kuweka saruji, wakaharakisha bila kuingoja ishike sawasawa. Walipopima mgandamizo, mshale wa kipimo ukapanda, jambo lisilotakiwa. Wakapima tena, ukapanda tena. Wakubwa wakakaa, wakajadiliana, wakaamua kipimo ndicho kibovu. Hata kipimo walikilaumu kabla yako! Wakatoa amri tope zito litolewe ndani ya bomba na maji ya bahari yaingizwe mahali pake, ili mtambo uhamie kisima kingine. Yaani walimwondoa yule anayeikalia gesi, na mlango nyuma yake wanajua haufungi.

Tangu alfajiri kulikuwa na harufu. Kengele za gesi zilikuwa zimezimwa sauti siku nyingi, kwa sababu zilikuwa zinalialia ovyo na kuwaamsha waliolala. Badala ya kuuliza kwa nini zinalia, walizinyamazisha.

"Asubuhi nilikuwa natoka zamu," Salum alisema. "Nikamkuta Deo anakunja waya wa mashine yake. Ameambiwa achomelee reli ya ngazi, amekataa. Alimwambia msimamizi, 'Bosi, siwashi hapa. Hewa hii si salama, na kile kisima mkiangalie.' Nilisikia kwa masikio yangu. Msimamizi akamwambia, 'Wewe chomelea vyuma, kisima waachie wenye kisima. Kama hutaki, kesho kuna helikopta. Panda, na usirudi.'"

"Naye akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Nitapanda.'"

Ulikuwa unarudi nyumbani, Deo. Ungelala siku moja tu, ungekuwa njiani.

Salum akaenda kulala. Adhuhuri gesi ilipanda. Wenzake waliokuwa zamu walimsimulia kwamba injini za kufua umeme zilianza kuinywa ile gesi na kunguruma kwa kasi zenyewe, taa zikang'aa mpaka zikapasuka, ndipo pakalipuka. Moto ulianzia kwenye injini. Mashine yako ilikuwa imezimwa, waya umekunjwa. Walibonyeza kitufe cha kufunga ile koki kubwa. Haikufunga.

"Sisi wa zamu ya usiku tulikuwa usingizini," Salum aliendelea. "Kengele ilikuwa bubu. Dakika chache kabla ya mlipuko nilisikia mlango wangu unapigwa kama unavunjwa. Deo. 'Amka, amka, toka nje!' Nikatoka na kaptula. Nilipogeuka niliona mgongo wake tu, anakwenda mlango wa pili, wa tatu, anapiga kwa ngumi. Sikumwona tena."

Mama hakulia. Alimuuliza, "Milango ilifunguliwa?"

"Mingi, mama. Wangu ulikuwa wa kwanza."

Mama akainuka, akaenda jikoni, akamletea chakula, akakaa anamtazama anavyokula kwa mkono wa kushoto. Alimwambia amalize yote.

Mimi nilitoka nje nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Wewe ndiye uliyekuwa kengele yao, Deo. Kengele waliyoinyamazisha, kazi yake uliifanya wewe kwa ngumi zako, na wao wakaandika kwamba wewe ndiye moto.

Salum alilazwa miezi katika mji wa pwani kule. Anasema kisima kilitapika mafuta bila kukoma, na hakuna aliyejua namna ya kukiziba, watu hao waliosema wanajua kila kitu. Mawimbi yalifika ufukweni meusi na mazito kama lami. Ndege wakawa wanatembea mchangani, wameshindwa kuruka. Wavuvi walivuta nyavu zikaja na uji mweusi, wakazichoma moto. Wanawake waliokuwa wakikausha samaki walikaa kando ya vichanja vitupu. Ndege za kampuni zilinyunyiza dawa kutoka juu, mafuta yakazama, picha zikapendeza. Samaki waliokuwa chini hawakupigwa picha.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mvuvi mmoja aliyeugua kifua kwa kusomba yale mafuta kwa ndoo. Aliposikia Salum ni Mtanzania akamuuliza, "Wewe ndiye mchomeleaji aliyetuua?" Salum akamjibu, "Mimi siye. Yule alinifungulia mlango." Yule mvuvi akataka kusikia habari yote. Fikiria, Deo. Watu walioharibiwa bahari yao walipewa jina lako walilaani, ili wasiulize majina mengine.

Kwetu huku hatukuwa na cha kuzika. Baba mdogo alisema tufanye kama wazee walivyofanya kwa mtu aliyepotelea mbali, tuzike mgomba. Tukakata mmoja pale nyuma ya nyumba, tukauvika shati lako la buluu, tukaulaza. Nilishika upande wa kichwa. Watu walikuja wengi, hata wale wa sokoni, baada ya Salum kusimama katikati ya uwanja na kuwasimulia. Baadhi waliangalia chini. Sikuwaambia "haidhuru." Ilidhuru.

Kisha fundi wa msalaba akauliza chini ya jina lako aandike nini. Kampuni ilikuwa imependekeza "Alifariki kwa ajali kazini." Mama akasema, "Andika: Aliuawa."

Padri akamvuta pembeni kwa upole. "Mama Deo, neno hilo ni zito kuandikwa msalabani."

"Baba," mama akamjibu, "hata Yule wa msalabani aliuawa. Mbona hamsemi alipata ajali?"

Padri akachukua maji ya baraka, akaubariki ule msalaba kama ulivyo.

Salum alirudi kule kutoa ushahidi, pamoja na kukatazwa kwake. Tume ya uchunguzi ikakubali: moto ulianza kwenye injini, mashine ya kuchomelea ilikuwa imezimwa, onyo lilitolewa likapuuzwa. Ukasafishwa, kwa mstari mmoja wa ripoti. Redio iliyokutangaza kuwa mkosaji sikuisikia ikitangaza huo mstari. Gari jeupe halikurudi Kibimba kumwomba mama radhi. Msimamizi wako yuko kwenye mtambo mwingine. Kampuni imebadilisha jina, na jirani na kile kisima wanatoboa tena.

Na wameanza kuja tena kutafuta watu.

Nilisikia kwamba wakala anakutana na vijana ukumbini Biharamulo. Nikapanda basi. Ukumbi ulijaa, vijana wa Kihangaza, wa Kisubi, wa Kisukuma, wamechana nywele, wamenyoosha mashati. Wakala alikuwa anasema kwamba kazi ni salama, kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari. Nikasimama.

"Mdogo wangu aliitumia hiyo haki," nikasema. "Aliambiwa apande helikopta. Nauliza: kengele zenu zinalia? Koki yenu inafunga? Na anayesema siwashi, mnamfanya nini?"

"Mama, naomba ukae. Hapa si mahali pa siasa."

"Sikai. Nijibu."

Vijana wakaanza kugeuka kunitazama, na miongoni mwa nyuso hizo nikaona uso ninaoujua. Respisi. Mwanangu, Deo, mjomba wake wewe. Aliniaga kwamba anakwenda kumwona rafiki kule Mbuba.

Alinifuata nje, amekasirika kuliko mimi. "Mama, umeniaibisha. Hapa nifanye nini? Nizeeke na bodaboda ya mtu?"

"Umesahau mjomba wako?"

"Sijasahau. Mjomba alisema, wakamharibia jina. Mimi sitasema kitu. Nitanyamaza, nitafanya kazi, nitarudi."

Hilo ndilo somo walilomfundisha mwanangu kwa kifo chako! Wamechafua bahari ya watu, wamekuchukua wewe, na bado wamefika hadi ndani ya nyumba yangu kumfundisha mtoto wangu kunyamaza.

"Respisi," nikamwambia, "gesi haiulizi nani alisema na nani alinyamaza. Walionyamaza walikuwa pale pale naye. Wengi wako hai kwa sababu mmoja alipiga kelele."

Tulirudi kwa basi moja, viti mbalimbali. Kwa majuma hatukuzungumza ila ya chakula. Kisha siku moja akaniomba namba ya Salum. Walizungumza muda mrefu, yeye ameketi juu ya ile bodaboda ya mtu, mimi nikijifanya nachambua maharage. Alipokata simu alikuwa analia, mtoto mkubwa vile. Akasema kwa wakala harudi. Sijui kama ataenda kwingine. Ana haki ya kutaka maisha, kama wewe ulivyotaka chuma. Lakini akasema, "Mama, nikienda popote, nitasema. Hata wakinifukuza." Nikaogopa, Deo, na nikajivuna, vyote kwa pamoja, na nikamkasirikia Mungu kidogo pia kwa kunipa watu wa namna yenu.

Sasa nakuaga. Siwezi kukuambia upumzike kwa amani, kwa sababu sijui kama bahari ile ina amani yoyote iliyobaki. Nakuambia pumzika kwa sababu zamu yako umeimaliza, na uliimaliza vizuri. Iliyobaki ni yetu. Nakuahidi kwamba ukumbi wowote watakaoufungua, Biharamulo, Ngara au mbali zaidi, nikiwa na nauli nitakuwamo, na nisipokuwa na nauli nitaanza safari kwa miguu. Na yeyote atakayesema mbele yangu kwamba ilikuwa ajali, awe mgeni mwenye koti, awe padri, awe mtoto wa tumbo langu, nitamsimamisha hapo hapo nimwambie ilivyokuwa, tangu mwanzo, mpaka aelewe.

Dada yako,
Speciosa